TAKA ZETU ZACHUKULIWA NA MIKONO YA NANI?

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa reli na wafanyi kazi wengine, mkutano wa Jumapili, Kitengela)



Halmashauri ya tawi imetutuma sisi watatu tuseme juu ya utumwa wa siku hizi katika kazi ya kuzoa taka, na jinsi ya kuuzuia. Jina la hotuba hii lilipobandikwa ukutani, wenzetu wengine walicheka. Walisema, "Utumwa ulikwisha zamani za mababu, na taka ni kazi ya kanjo. Reli na taka wapi na wapi?" Hatuwalaumu. Mwaka mmoja uliopita hata sisi tungalicheka vile vile. Sasa hatucheki, na tutawaeleza kwa nini.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Mwajua kwamba mji huu wetu umekua upesi. Katika hesabu ya watu ya 2019 Kitengela ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Wengi wetu twakaa katika ploti za kupanga, na kila ploti ina mlima wake wa taka. Kwa hiyo kila mwezi kila nyumba hutoa pesa ya taka, na kampuni huleta lori.

Katika ploti tunayokaa sisi, kampuni ya kwanza ilipandisha bei. Wapangaji tukafanya mkutano, na wanachama wa chama hiki tulikuwa wengi pale, hata mwenyekiti wa mkutano alikuwa mtu wetu. Ikaja kampuni ya pili, nayo ikasema itachukua taka kwa nusu ya bei ile. Tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza, "Ninyi mwawezaje kufanya kwa nusu, na dizeli ni ile ile, na lori ni lile lile?" Sisi watu wa chama, ambao kila mwaka twaenda kwa mwajiri tukidai nyongeza, hatukuuliza. Kampuni hiyo hatutaitaja jina, wala ile ploti, kwa sababu ambazo mtaziona.

Lori likawa linakuja Jumanne na Ijumaa, na juu yake vijana wanne. Hawakuwa na glavu, na miguuni walivaa kandambili. Walikuwa wakichambua taka mle mle ndani ya lori linapokwenda, plastiki upande huu, karatasi upande huu, chuma upande huu. Tuliwaona kwa miezi saba. Tuliwapungia mkono. Watoto wetu waliwaita machokoraa, nasi hatukuwakemea.

Siku moja ya mvua lori liliharibika langoni. Mmoja wetu alikuwa ametoka zamu ya usiku, akawapa chai. Mmoja wa vijana wale akashukuru, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, kama mwajua kazi nyingine, hata ya kuchimba mtaro, niambieni. Lakini sitaweza kuondoka mpaka nyapara anirudishie kitambulisho." Tukamwuliza kitambulisho kimefikaje kwa nyapara. Akasema kilichukuliwa siku ya kwanza, "kwa kuandikishwa", na hakikurudi.

Alitueleza hivi. Alikuja kutoka mbali, akaambiwa na dalali wa kazi kwamba atakuwa utingo wa lori kwa shilingi 600 kwa siku. Nauli ililipwa na dalali. Alipofika akaambiwa anadaiwa shilingi 4,000. Mshahara ukawa 450. Katika hizo hukatwa 100 za kulala katika banda la mabati katikati ya magunia ya plastiki, na 150 za chakula. Zinabaki 200, nazo zote hukatwa kwa ajili ya deni. Huamka saa kumi ya usiku, na hulala saa mbili au tatu ya usiku mwingine. Aliposema anataka kuondoka, nyapara alimwambia, "Ukitoka hapa nitapiga ripoti polisi kwamba umeniibia, na wewe huna hata kitambulisho cha kuonyesha."

Sisi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, hesabu hii twaiweza. Shilingi 200 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 5,200 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni 26,000. Deni lilikuwa 4,000. Hata ukiongeza glavu, na siku alizougua, na siku za lori kuharibika, deni lilipaswa kwisha kabla ya mwezi wa pili. Lakini daftari liko kwa nyapara, na nyapara asema deni limebaki 6,200. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Deni hili halina dawa, kwa maana kila likilipwa linazaa.

HUU NI UTUMWA AU NI SHIDA TU?

Ndugu, hapa sharti tuwe waangalifu. Si kila kazi mbaya ni utumwa, na si kila tajiri mchoyo ni mwuza watu. Tukiita kila kitu utumwa, siku tutakapouona wenyewe hakuna atakayetusikiliza.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilifanya Mkataba namba 29 katika 1930. Maana yake kwa maneno mafupi ni kwamba kazi ya lazima ni ile ambayo mtu huifanya kwa kutishwa na adhabu, wala hakujitoa kwa hiari yake. Kenya iliukubali mkataba huo katika 1964, mara baada ya Uhuru. Shirika hilo hilo limetoa ishara 11 za kutazama. Ziandikeni:

Ya kwanza, kutumia shida ya mtu asiye na njia nyingine. Ya pili, kumdanganya juu ya kazi au mshahara. Ya tatu, kumzuia kwenda atakako. Ya nne, kumtenga na watu. Ya tano, kumpiga au kumnajisi. Ya sita, kumtisha. Ya saba, kumnyang'anya kitambulisho. Ya nane, kumzuilia mshahara. Ya tisa, kumfunga kwa deni. Ya kumi, kazi na malazi yasiyofaa mtu. Ya kumi na moja, saa za kazi kupita kiasi.

Ishara moja peke yake haitoshi kila mara, lakini zikikusanyika mtu atahadhari. Tulipomhesabia yule kijana tulipata nane. Alipewa chai langoni kwetu, na minyororo hatukuiona kwa sababu ilikuwa katika daftari na katika mfuko wa nyapara.

Wala yeye si peke yake. ILO ilihesabu kwamba katika 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi ya lazima. Wengine ni dada zetu waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wakafika wakanyang'anywa pasipoti. Ukiisikiliza hadithi yao na ya kijana wa lori, ni hadithi moja: dalali, nauli, deni, kitambulisho.

WATU WA RELI WALIJUA JAMBO HILI

Mtu akiuliza tena "Reli na taka wapi na wapi?", mwambieni hivi. Reli hii ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Iliwaleta Wahindi zaidi ya 31,000 kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Hatusemi wote walikuwa watumwa, la. Twasema kwamba tangu mwanzo, chini ya reli hii wamelala watu waliotia kidole gumba katika karatasi wasiyoweza kuisoma.

Kisha ikaja sheria ya kipande. Iliandikwa katika 1915 ikaanza kushikwa kwa nguvu baada ya vita vya kwanza vya dunia. Babu zetu walivaa shingoni kikopo cha chuma, na ndani karatasi yenye alama za vidole. Mtu hakuweza kwenda kwa tajiri mwingine mpaka tajiri wa kwanza atie sahihi kwamba amemwachilia. Akiondoka bila sahihi ile, alikamatwa. Sasa tazameni: kijana wa 450 kwa siku, kitambulisho chake kimo mfukoni mwa nyapara, hawezi kuondoka mpaka nyapara apende. Kipande kimerudi, ila safari hii tajiri ndiye anayekivaa.

Na wazee wetu walifanya nini? Walijiunga. Makhan Singh alikusanya Waafrika na Wahindi katika chama kimoja katika miaka ya 1930, na baadaye akafungwa bila hukumu tangu 1950 mpaka 1961. Januari 1947 maelfu ya wafanyi kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliweka chini vyombo vyao, na Chege Kibachia akawaongoza. Waliogoma hawakuwa makarani tu. Wachukuzi na vibarua wa kutwa, waliokuwa chini kabisa, walikuwa ndani. Basi sisi warithi wao twawezaje kusema kwamba mtu wa taka si wetu?

"WALE SI WATU WANGU"

Sasa twarudi kwa kosa letu, na twaomba mlisikie vizuri, kwa maana ndilo tulilojia.

Tuliposikia maneno ya yule kijana tulikasirika sana, na hasira ikatuharakisha. Jioni ile ile mwenyekiti wa wapangaji alimpigia simu meneja wa kampuni, akampigia kelele, akamwambia yote, hata kwamba kijana ndiye aliyesema. Meneja alijibu kwa upole, "Wale si watu wangu. Mimi nina lori na dereva. Wapakiaji huletwa na mkandarasi. Nitamwuliza."

Ijumaa lori likaja na vijana wanne wengine.

Ndugu, tulijiona mashujaa kwa siku tatu, na mtu mwingine akalipa. Baadaye wawili kati ya wale wa kwanza tuliwaona katika yadi moja ya kupimia plastiki. Mmoja tuliambiwa amerudi kwao. Yule aliyekunywa chai yetu hatujamwona mpaka leo, na namba ya simu aliyotupa haipatikani.

Ndipo tulipokwenda kwa afisa wa kazi wa Serikali, kama tulivyopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Alikuja yadini na karatasi zake. Wale wanne wa pili wakarudishiwa vitambulisho vyao na sehemu ya mishahara yao, na mambo mengine yangali yanaendelea. Hii ndiyo sababu hatutaji majina. Kesi isiharibiwe tena kwa midomo yetu.

Maneno ya meneja, "Wale si watu wangu," ndiyo kiini cha hotuba hii. Katika kazi ya taka kuna mkono juu ya mkono. Nyumba hulipa kampuni. Kampuni hulipa mkandarasi wa vibarua. Mkandarasi hutumia dalali na nyapara. Taka zikifika jaani, waokotaji huchambua zilizobaki, na kati yao wamo watoto. Wao huuza kwa mwenye yadi, kwa kilo, kwa bei anayoitaka yeye. Mwenye yadi huuza kwa broka, na broka huuza kwa kiwanda kinachoyeyusha plastiki au chuma. Kila mmoja humwambia wa chini yake, "Punguza bei." Wa chini kabisa hana wa kumpunguzia, basi hupunguza chakula chake, na usingizi wake, na afya yake. Na kila mmoja akiulizwa, husema, "Wale si watu wangu."

WENGINE WAMEFANYA NINI?

Uingereza ilitunga sheria ya utumwa wa siku hizi katika 2015. Kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka sharti itangaze kila mwaka imefanya nini kuzuia utumwa katika kazi yake na kwa wale wanaoiuzia vitu na huduma. Kampuni za taka ni miongoni mwao. Ni jambo jema, lakini karatasi haitoshi. Kule kule Uingereza, katika wilaya za kati, genge lilileta watu maskini kutoka Poland kwa ahadi ya kazi nzuri, likawatia katika viwanda vya kuchambua taka na katika mashamba. Akaunti za benki zilifunguliwa kwa majina ya wafanyi kazi, lakini wenye kuzishika walikuwa wakubwa wa genge. Polisi walikadiria waliotumikishwa kuwa zaidi ya 400, na kufikia 2019 watu 8 wa genge walikuwa wamehukumiwa. Habari ile ilifichuka kwa sababu wachache waliotoroka walipata mtu wa kuwasikiliza bila kuwahatarisha.

Hapa kwetu hatukukosa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 30, yakataza kumweka mtu utumwani au kumlazimisha kazi, na kifungu cha 25 chasema haki ya kutokuwa mtumwa haipunguzwi kwa sababu yo yote. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kazi ya lazima. Yasema kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku. Yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Yasema mtu apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mzima, hawezi tena kuhesabiwa kibarua wa kutwa. Yasema watoto wasitiwe kazi za hatari. Sheria ya kupiga vita biashara ya watu, ya 2010, yatoza kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na Sheria ya Usimamizi wa Taka ya 2022 imeifanya kazi ya taka kuwa kazi yenye utaratibu, wala si ya kuokota na kutupa.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo sisi wa reli twalijua kuliko watu wengi. Misumari ya reli huibwa. Vyuma vya mataruma huibwa. Huuzwa kama chuma chakavu, na treni ikaingia hatarini. Kwa sababu hiyo kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mwenye yadi sharti aandike katika daftari chuma alichonunua na aliyemwuzia. Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadha kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme na mali nyingine za nchi. Sisi tulifurahi. Basi twauliza: ikiwa mwenye yadi anaweza kuulizwa chuma kimetoka wapi, kwa nini asiulizwe mtu aliyekipakia ametoka wapi, na kitambulisho chake kiko wapi, na amelipwa nini? Je, msumari wa reli una thamani kupita kijana?

TUFANYE NINI?

Halmashauri imekubali mambo haya yaletwe mbele yenu.

La kwanza, kila mwanachama anayekaa katika ploti inayolipa pesa ya taka aulize maswali sita kabla ya kukubali kampuni. Je, ina leseni ya NEMA ya kuchukua taka? Wapakiaji wameandikwa na nani, na mkataba wao uko wapi? Je, kila mmoja anacho kitambulisho chake mwenyewe mfukoni? Mwajiri anaweza kukitazama na kukinakili, lakini si kukiweka. Mshahara hulipwa kwa nani, na je, M-Pesa huingia katika simu ya mfanyi kazi mwenyewe au ya nyapara? Glavu, buti na koti hutolewa na kampuni bila kukatwa? Na je, wanalala wapi?

La pili, maneno haya yatiwe katika mapatano ya ploti na kampuni, na kampuni ijibu kwa ajili ya mkandarasi wake na kila mtu anayemwuzia huduma, kana kwamba ni watu wake wenyewe. Neno "wale si watu wangu" lisikubaliwe tena. Na nauli au ada ya kupata kazi isilipwe na mfanyi kazi. Dalali alipwe na aliyemtuma.

La tatu, ukiona ishara, usifanye kama tulivyofanya. Usimpigie kelele meneja. Usimtaje aliyesema. Zungumza na mfanyi kazi peke yake, mahali ambapo nyapara haoni, umwulize yeye mwenyewe anataka nini. Andika tarehe, namba ya lori, na uliyoyaona kwa macho. Peleka kwa katibu wa tawi, naye ataandamana nawe kwa afisa wa kazi. Kama kuna mtu amefungiwa, au anapigwa, nenda polisi siku hiyo hiyo. Kama kuna mtoto, piga 116, simu ya watoto, isiyolipiwa.

La nne, tusikimbilie kuifukuza kampuni. Ukiifukuza leo, vijana hufukuzwa kabla yako, bila mshahara. Kwanza vitambulisho virudi, malimbikizo yalipwe, watu waandikwe vizuri. Kampuni ikikataa, hapo ndipo tutafute nyingine, na tuiombe iwachukue vijana wale wale.

La tano, tuwaalike watu wa taka katika chama. Hatusemi waingie katika chama cha reli, kwa maana kila kazi ina chama chake. Lakini twaweza kuwapa chumba cha mkutano na mtu wa kuwasomea sheria. Waokota taka wa nchi hii wamekwisha kuwa na jumuiya yao, na vibarua wa lori wakiwa wengi katika chama, mwajiri atalazimika kukitambua.

La sita ndilo gumu, nasi hatutalificha. Bei. Hatuwezi kutaka vijana walipwe sawasawa na wakati huo huo kushangilia nusu ya bei. Katika ploti yetu kuna nyumba 60. Tumepiga hesabu kwamba kila nyumba ikiongeza shilingi 50 kwa mwezi, ni shilingi 3,000. Lori lile huzunguka ploti nyingi kama yetu. Ploti 10 zikifanya hivyo, ni 30,000, na hapo kampuni haitakuwa na udhuru wa kusema haiwezi kununua glavu na kulipa kwa halali. Tena tutataka kuona karatasi kwamba pesa imefika kwa wapakiaji.

Twajua kwamba wengine mtanung'unika. Twajua unga ni ghali, kodi imepanda, na shilingi 50 ni nauli ya mtoto kwenda shule. Mzee mmoja alituambia juzi, "Mwataka tuwalipie watu wengine mishahara, na yetu wenyewe haitoshi?" Ni swali la haki, na jibu letu ni hili. Siku kampuni ya taka inapojua kwamba mtu anaweza kufanyishwa kazi kwa chakula tu, kampuni nyingine hujifunza. Kazi ya usafi katika ofisi hupewa mkandarasi. Kazi ya ulinzi hupewa mkandarasi. Kesho kazi ya kufyeka majani kando ya njia ya reli, kutoka Konza kupita Kajiado mpaka Magadi, itapewa mkandarasi, naye atamleta dalali, na dalali atamleta kijana asiye na kitambulisho. Siku hiyo mwajiri atatuambia, "Mwataka nyongeza gani, na kuna watu wanaofanya kwa nusu?" Na sisi ndio tutakaokuwa tumepiga makofi ya kwanza.

Katika shule ya misheni tulifundishwa habari ya Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake. Tulipokuwa watoto tuliwachukia sana wale ndugu. Hatukufikiri kwamba yawezekana kumwuza mtu bila kumshika mkono, kwa kuchagua bei ya chini katika mkutano wa wapangaji.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba mambo haya sita yapigiwe kura leo, moja baada ya moja, kwa mikono juu, na lile la shilingi 50 lipigiwe kura la mwisho, baada ya kila mwenye neno kusema. Na mtu yeyote hapa ambaye katika safari zake, Mlolongo, Athi River, Kajiado au Namanga, atakutana na kijana aliyekuwa mpakiaji wa lori la taka Kitengela, anayeuliza kazi ya kuchimba mtaro, amwambie kwamba tungali twamtafuta, na kwamba mshahara wake tumeuandika katika madai.

Umoja ni nguvu.